Difu Haina Upendeleo

Ukipita Gerezani, hatua chache kutoka kwenye pilikapilika za Kariakoo, simama mbele ya duka lolote la spea za mtumba uulize swali moja. Kwa nini gari linalosukumwa na matairi ya nyuma likiingia topeni, tairi moja huzunguka kama feni na jingine linakaa kimya? Watakujibu watu wanne kwa mpigo: fundi, dereva, mbeba mizigo na muuza kahawa. Na wote wanne watakwambia jambo moja: "Difu hiyo, bwana. Difu inapeleka moto wote kwenye tairi linaloteleza."

Jibu hilo ni tamu kwa sababu linaeleweka haraka. Tatizo ni kwamba si kweli, na uongo wake unawagharimu watu fedha. Nyumbani kwetu nusura utugharimu gari.

Ndugu msomaji, mimi si fundi. Huu ni mwaka wa nne naandika vitabu vya hesabu katika duka la baba mdogo, nimezungukwa na difu, propela na rejeta zilizoshuka bandarini zikiwa bado na oili ya nchi za watu. Wateja wananiita "dada wa difu". Jioni, shata likishushwa, naandika hadithi nyuma ya vitabu vya risiti vilivyoharibika. Wenzangu wa kalamu wanaandika mapenzi na siasa. Mimi leo naandika difu, kwa sababu ndiyo ninayoiona kutwa.

Tuanze na mkokoteni, maana Kariakoo bila mkokoteni si Kariakoo. Jina lenyewe la mahali hapa limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mkokoteni ukikata kona kutoka Msimbazi kuingia Mtaa wa Uhuru, tairi la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Si shida, kila tairi linazunguka kivyake kwenye beringi yake. Anayesukuma ni mtu, matairi yanafuata tu.

Sasa mwondoe mtu, weka injini inayozungusha matairi yenyewe. Ukiyafunga mawili kwenye chuma kimoja, yatalazimika kuzunguka sawa hata kwenye kona, na mojawapo litaburuzwa. Ndiyo maana Mfaransa mmoja, Onésiphore Pecqueur, alibuni difu kwa ajili ya gari la mvuke huko nyuma miaka ya 1820, kabla hata gari la petroli halijazaliwa.

Ndani ya difu, propela inazungusha krauni, na krauni inabeba gia ndogo zilizokaa katikati ya ekseli ya kushoto na ekseli ya kulia. Gari likienda moja kwa moja, gia hizo hazijizungushi, zinabebwa tu. Kwenye kona zinajizungusha, upande mmoja ukipunguza mwendo na mwingine ukiongeza. Lakini hizo gia ndogo zinasukuma kushoto na kulia kwa nguvu ileile. Haziwezi kuegemea upande mmoja.

Chukua wapagazi wawili waliobeba mti mabegani, mzigo ukining'inia katikati. Wanagawana sawa. Mmoja akilegeza bega, mwenzake hata awe na nguvu za tembo mzigo utakwenda chini. Hawezi kubeba zaidi ya kile ambacho mwenziwe anakihimili kwa upande wake. Hiyo ndiyo difu.

Tuweke hesabu, hesabu za kubuni tu ili tuelewane. Tairi la kushoto limekaa kwenye tope, linaweza kushika ardhi kwa kiasi cha 20. La kulia liko pakavu, linaweza kushika hadi 200. Difu itatoa 20 kushoto na 20 kulia. Jumla 40, basi. Ukikanyaga mafuta zaidi, ile 20 haiongezeki. Kinachoongezeka ni mbio za tairi la kushoto. Kwa hiyo kilichokwenda chote kushoto ni mwendo, wala si nguvu. Nguvu imegawanywa sawa kwa sawa, na aliye dhaifu ndiye aliyepanga kiwango cha wote wawili.

Difu haina upendeleo. Ubaya wake ni kwamba haina upendeleo hata pale ambapo upendeleo ungetuokoa.

Sasa nije kwenye yaliyonifanya nishike kalamu. Kaka yangu alikuwa na Hiace ya mkataba. Kwa wasioujua mkataba: unapewa gari, unapeleka hesabu kwa mwenye gari kila wiki, na ukimaliza miaka miwili bila kukosa linakuwa lako. Ukikosa wiki tatu mfululizo linarudi kwa mwenyewe, na vyote ulivyolipa vimekwenda na maji. Miaka ya tisini Hiace za namna hii ndizo zilizokuwa daladala za mji huu, watu wakaziita vipanya. Hiyo ya kaka ilikwishang'olewa viti, ikawa ya mizigo. Alikuwa anafuata mihogo vijijini Mkuranga na kuileta mjini alfajiri.

Ikaja masika ya mwaka 2024. Nadhani kila mtu anaikumbuka. Mwezi Aprili Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua zile zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Bonde la Msimbazi lilijaa. Mkuranga nako barabara za vijijini zikageuka uji.

Kaka akawa anakwama. Na cha ajabu, alikuwa anakwama wakati wa kwenda, gari likiwa tupu. Kurudi na mihogo mara nyingi alipita. Ukifikiri si ajabu. Hiace injini yake iko mbele, chini ya viti vya dereva. Likiwa tupu, nyuma ni jepesi, na tairi jepesi halishiki ardhi. Mzigo ukikaa juu ya matairi ya nyuma unayakandamiza, yanashika, ilimradi tope halijawa refu kiasi cha kulizamisha gari zima.

Wiki ya kwanza akakosa hesabu. Wiki ya pili akakosa. Wiki ya tatu, Jumatatu usiku, akaja nyumbani na habari kwamba fundi mmoja wa mtaani atamchomelea difu kwa elfu hamsini, kazi ya nusu siku.

"Zile gia ndogo anazipiga weldingi, zinakuwa kitu kimoja," akasema. "Matairi yote mawili yanazunguka, kutaka kusitake. Mchezo umekwisha."

Topeni kweli mchezo umekwisha. Difu iliyochomelewa haigawi tena sawa kwa sawa. Tairi lililo pakavu linachukua lote linaloweza kuchukua. Lakini kaka hakai topeni siku nzima. Kwa siku anakaa tope la saa moja na lami ya saa nne. Kwenye lami, kila kona, kila kipilefti, kila kurudi nyuma katika vichochoro vya Kariakoo, tairi moja lazima liburuzwe. Matairi yanalika, gari linagoma kukata kona, na ekseli inanyongwa mpaka siku inakatika.

Na kuna kubwa kuliko hilo. Tairi linaloteleza kwa kuzunguka linapoteza pia uwezo wa kuzuia gari lisiende pembeni. Difu ya kawaida, moja likiteleza, la pili bado limeshika na linauzuia mkia. Ukichomelea, kwenye lami yenye maji yanaweza kuachia yote mawili kwa pamoja, na mkia wa gari unahama njia. Pembeni ya barabara ya Kilwa kuna watoto wa shule, kuna mama ntilie, kuna boda.

Nikamwambia hayo. Akacheka.

"Mdogo wangu, wewe unasoma vitabu. Mimi nasoma tope."

"Sawa, kaka. Kesho asubuhi tusome wote."

Asubuhi tuliweka magogo mbele na nyuma ya matairi ya mbele, tukainua nyuma kwa jeki na kuisimamisha juu ya stendi imara, injini imezimwa, gia imeingizwa. Nikamwambia azungushe tairi la kulia mbele kwa mkono. La kushoto likazunguka kurudi nyuma. Akarudia mara tatu. Miaka yote aliyoendesha hakuwahi kuliona hilo. Kwa njia hii unaweza pia kujua ulichonunua dukani kwetu. Matairi yakizunguka kinyume kirahisi, hiyo ni difu ya kawaida. Yakigoma, au yakizunguka upande mmoja, ndani kuna kitu kinachobana.

Kaka akakubali maelezo ya kugawana sawa, lakini dawa hakukubali. Akasema basi atatumia hendibreki, kama wanavyofanya madereva wengi: unakwama, unavuta hendibreki nusu, unakanyaga mafuta taratibu, tairi linaloteleza linabanwa, nguvu inahamia kwa mwenzake. Hata mimi niliiamini hiyo kwa siku mbili, mpaka nilipoiweka kwenye hesabu nyuma ya risiti.

Hendibreki ya Hiace inabana matairi yote mawili ya nyuma. Tuseme kila upande inabana kwa kiasi cha 60. Kushoto sasa kuna 20 za tope na 60 za breki, jumla 80. Vizuri! Difu itatoa 80 kulia pia. Lakini kulia nako kuna breki ya 60 inayokula nguvu hiyo. Inabaki 20. Ishirini na ishirini, arobaini. Tumerudi palepale, na breki zinanuka. Hila hiyo inasaidia pale tu ambapo waya wa hendibreki unabana zaidi upande unaoteleza, jambo ambalo ni bahati yako.

Nilimwonyesha hesabu hiyo mzee mmoja, fundi anayekuja dukani kila Ijumaa. Ujana wake aliumalizia kwenye matrekta ya mashamba ya miwa Morogoro.

"Shikamoo mzee. Nimekosea wapi?"

Akaisoma polepole, akatikisa kichwa.

"Marahaba mwanangu. Hujakosea. Trekta la Massey Ferguson lina pedali ngapi za breki?"

"Sijui, mzee."

"Mbili. Moja ya tairi la kushoto, moja ya tairi la kulia, zote ziko upande wa kulia wa dereva. Barabarani unazifunga pamoja. Shambani unazifungua. Tairi moja likizunguka bure, unalikanyagia breki lake peke yake, la pili linavuta. Siyo kubana wote. Unambana yule anayecheza."

Hapo ndipo nilipoielewa ile taa ya dashibodi ambayo wateja wa Mark II na Crown wanakuja kuilalamikia kila siku. Baadhi ya magari hayo yana chombo ambacho Toyota wanakiita TRC. Wengine wanasema traksheni kontroli. Kazi yake ni pedali mbili za yule mzee, ila mguu ni wa kompyuta. Kila tairi lina sensa inayohesabu mzunguko wake, zilezile zinazotumiwa na breki za ABS. Kompyuta ikiona tairi la nyuma linazunguka mbio kuliko ya mbele, inafanya mambo mawili: inapunguza moto wa injini, na katika mifumo mingi inabana breki ya tairi lile moja tu. Rudi kwenye hesabu yetu. Breki ya 100 kushoto peke yake, pamoja na 20 za tope, ni 120. Difu, kwa tabia yake ileile ya kugawa sawa, inatoa 120 kulia, na kulia hakuna breki ya kuila. Gari lililokuwa na 40 sasa linasukumwa kwa 140.

Unaona uzuri wake? Difu haikubadilishwa kitu. Tabia yake ya kugawa sawa, ileile iliyotukwamisha, ndiyo inayotuokoa.

Wazo lenyewe halikuanza jana. Mwaka 1971 Buick wa Marekani walitoa mfumo uliopunguza moto wa injini matairi ya nyuma yakianza kuteleza. Mwaka 1986 Bosch wa Ujerumani wakaanza kutengeneza wa kwao. Lakini usiufanye mganga. Mahali ambapo matairi yote mawili hayana pa kushika, hauna wa kumpa nguvu. Kwenye kichanga kirefu unaweza hata kukukwamisha, maana unakata moto pale unapouhitaji ili gari lisisimame. Ndiyo kazi ya kile kitufe cha kuuzima. Halafu, ukifunga tairi jipya kushoto na kipara kulia, moja ni kubwa na jingine dogo. Sensa zinasoma mizunguko tofauti, na gia ndogo za difu zinajizungusha kutwa nzima bila kona. Wapo wanaobandika utepe juu ya taa ili isiwasumbue. Taa inaacha kusumbua, gari haliachi.

Kipo pia cha katikati, difu ya kubana, yenye sahani za msuguano ndani, ambayo madukani tunaiita LSD. Inakubali matairi yatofautiane kwenye kona, lakini inakataa moja likimbie peke yake. Magari ya mashindano hufungwa vitu kama hivyo. Nayo malori na baadhi ya Land Cruiser zina difu loki, unayoifunga topeni na kuifungua ukifika lami. Tofauti yake na weldingi ni hiyo tu, kufunguka, lakini ndiyo tofauti yote.

Na asikudanganye mtu kwamba gari la matairi ya nyuma haliwezi tope. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikuwa na miaka miwili ambayo magari saba tu ndiyo yaliyomaliza, 1963 na 1968. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404, gari la matairi ya nyuma. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano kati ya 1973 na 1982 kwa Datsun za matairi ya nyuma. Toyota Celica ikashinda 1984, 1985 na 1986, wakati baadhi ya wenzao wa Ulaya wamekwishahamia kwenye magari ya kusukumwa na matairi yote manne.

Lakini kaka hakuwa na fedha za LSD, na Hiace yake haikuwa na sensa hata moja. Alikuwa na siku nne tu za kuokoa gari. Matairi yake ya nyuma nilikuwa nimeyaangalia tulipoinua gari. La kulia lilikuwa na meno, la kushoto lilikuwa kipara kama goti. Na karibu kila alipokwama, lililozunguka ni la kushoto. Difu ilikuwa inampa kulia kile tu ambacho kipara kiliweza kuhimili.

Nilikuwa nimedunduliza fedha za kuchapisha kijitabu cha hadithi zangu, nakala mia mbili. Nikazitoa. Kaka alikataa katakata. Kaka mkubwa kupokea fedha za mdogo wake wa kike, tena zilizotoka kwenye "mambo ya kuandikaandika", lilikuwa soo kubwa. Mama ndiye aliyesema, bila kuinua macho kwenye sinia la mchele: "Chukua. Gari likirudi kwa mwenyewe wote tutashuka."

Tulinunua matairi mawili yanayofanana, yenye meno marefu, na mbao mbili za kutanguliza chini ya tairi. Akaanza kwenda na viroba vinne vya mchanga juu ya ekseli ya nyuma, anavimwaga kijijini na kupakia mihogo. Alikwama tena, mara mbili, akajitoa mwenyewe. Wiki ile alipeleka hesabu Jumamosi saa mbili usiku. Mwenye gari alikuwa amekwishatafuta dereva mwingine.

Dereva mmoja wa kijiweni kwao alichomelea difu. Wiki mbili alitamba kwelikweli, hakuna tope lililomweka. Kisha ekseli ikakatika Mbagala Rangi Tatu, mchana, lami kavu, anakata kona. Hakuumia mtu. Mihogo iliokotwa na wapita njia, na ekseli alikuja kuinunua dukani kwetu. Nilimwandikia risiti, nikampa pole, sikumwambia neno jingine. Alikuwa na hesabu yake ya kupeleka.

Kaka alimaliza mkataba Januari 2025. Kijitabu changu bado hakijachapishwa, ananilipa kidogokidogo, na amefika nusu. Siku hizi akikwama ananipigia simu kunitania kwamba anasoma tope. Lakini namsikia kwanza akishuka na kufunga mlango.

Hilo la kushuka ndilo ninalokuachia, kijana mwenzangu, uwe na gari au usiwe nalo. Ukiona unazunguka bila kusogea, usikanyage mafuta. Shuka, zunguka nyuma, angalia ni tairi lipi linalocheza. Dawa iweke hapo.